Golf GTI ya 2007 kwa milioni 26: ninunue au nikimbie?

MwanaBusia

Wakuu, habari za jioni. Nakaa Ntinda hapa Kampala, nafanya kazi ya hesabu katika duka la dawa za jumla, na kila mwisho wa mwezi nashuka Busia kumwona mama. Gari ninayoendesha ni Toyota Premio ya mjomba. Haijawahi kunilaza njiani, haili mafuta, na kila nikiiwasha nasikia usingizi.

Sasa kuna Golf 5 GTI nyekundu, yaani Volkswagen (VW) Golf toleo la tano, ile ya spoti, ya 2007, iko kwenye yadi moja upande wa Nakawa. Gia boksi ni DSG, ile ya VW inayojibadilisha gia yenyewe, dashibodi inasoma kilomita 148,000, viti ni vile vya kitambaa cha mirabamiraba ambavyo vimeninyima usingizi wiki nzima. Bei milioni 26 za Uganda, nikibembeleza atashuka kidogo. Mfukoni nina 30 na hakuna nyingine nyuma yake. Muuzaji ananiambia ilikuwa ya daktari, haijawahi kukimbizwa.

Rafiki yangu mmoja anasema nichukue Suzuki Swift Sport ya gia za mkono. Mwingine anasema ukinunua Mjerumani aliyetumika hapa Kampala utahamia gereji na godoro. Naomba kusikia kwa mwenye nayo, siyo kwa aliyesikia kwa jirani.

Kijana wa Swift

Swift Sport kaka, funga mjadala. Ile ya toleo la ZC31S ina injini ya 1.6 isiyo na turbo, nguvu farasi 125, inatumia cheni, na gari yenyewe ina uzito wa tani moja na kidogo tu. Fundi yeyote wa Ndeeba anaifungua. Kwenye kona za msitu wa Mabira utacheka peke yako.

Mama Zamu

MwanaBusia mwanangu, mimi ninayo. Golf 5 GTI, rangi ya fedha, niko nayo tangu kabla ya korona, na ndiyo inayonipeleka kazini kila siku kutoka Entebbe. Kijana wa Swift hajakudanganya, lakini hukuuliza habari ya Swift.

Habari ya daktari iache. Kampala hii kila gari inayouzwa ilikuwa ya daktari au ya mzungu wa shirika. Wewe tazama kalenda. Tangu 2018 sheria inakataza kuingiza nchini gari iliyofikisha miaka 15 tangu itengenezwe. Golf 6 ilitoka mwishoni mwa 2008, kwa hiyo hakuna tena Golf 5 inayoshushwa Mombasa kuja huku. Zote zilizobaki zimeshakanyaga mashimo yetu kwa miaka. Hata akikuonyesha ile karatasi ya mnada ya Japani, yenye daraja la 4 na michoro ya mikwaruzo, jua inakuambia gari ilivyokuwa siku ile ilipopanda meli. Wewe unanunua maisha yake ya hapa. Basi muulize jambo moja: fundi wake ni nani? Mtu aliyeitunza GTI anamjua fundi wake kama anavyomjua shemeji yake, jina, mtaa, na madeni waliyowahi kugombania. Akikujibu "fundi yeyote tu", umeshapata jibu.

Watu wakisema GTI ni ghali wanafikiri turbo. Yangu haijanisumbua. Kinachoziua hizi gari hapa kwetu ni oili: ya injini, na zaidi ile ya gia boksi.

Hiyo DSG ya gia sita ina klachi mbili zinazooga ndani ya oili. Kiwanda kinataka oili hiyo ibadilishwe pamoja na filta yake kila kilomita 60,000. Kwa hiyo gari ya 148,000 ilitakiwa iwe imeshafanyiwa mara mbili. Oili yenyewe ni ya DSG, siyo ile nyekundu ya otomatiki ya Toyota ambayo fundi anakumiminia huku akikuambia "zote ni ATF madam". Na haipimwi kwa kijiti. Injini inakuwa inawaka, kompyuta imeunganishwa, joto la oili likiwa kati ya nyuzi 35 na 45, ndipo kizibo cha chini kinafunguliwa na ya ziada inajimwaga. Fundi asiyekuwa na kompyuta ya VW anakisia, na DSG haisamehi kukisia. Wala usiichanganye na ile ya gia saba ya Golf za 1.4 TSI, yenye klachi kavu. Hiyo ndiyo iliyoharibu jina la ukoo mzima.

Namna ya kuijaribu: ikute imelala usiku kucha, baridi. Washa, tia D, achia breki taratibu bila kugusa mafuta. Iondoke kwa ulaini. Ikitetemeka kama inaogopa, ikipiga kishindo ukitoka R kwenda D, au zile herufi za gia kwenye dashibodi zikianza kumetameta, mshukuru muuzaji uende zako. Kisha iingize kwenye jamu, usiipeleke barabara tupu. Kwenye barabara tupu kila DSG ni malaika. Jamu ya Jinja Road saa kumi na moja jioni, mita mbili mita mbili, ndiko utakapojua klachi zimebaki kiasi gani.

Sasa kuna kitu kidogo ambacho nusu ya mafundi hawakijui. Injini hii ya 2.0 TFSI ina pampu ya mafuta ya presha kubwa, imefungwa ubavuni mwa kichwa cha injini, upande wa gia boksi. Inasukumwa na kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu, na katikati yake kuna kikombe cha chuma, kidogo, kinaingia kwenye kiganja na nafasi inabaki. Kikiwa kipya uso wake ni mweusi unaong'aa. Kemshafti inakisugua miaka yote hiyo, weusi unaondoka, linatokea duara la rangi ya fedha. Ukiachia, duara linakuwa shimo, na hapo kemshafti yenyewe inaanza kulikwa pamoja na pampu. Kikombe ni pesa ndogo. Kemshafti na pampu zitakula hiyo akiba yako. Changu huwa nakivua kila kilomita 30,000 hivi na kukitazama kwa macho yangu, fundi akiwa amesimama pembeni amekunja uso.

Mkanda wa taimingi: Golf 5 GTI ina mkanda, siyo cheni. Vitabu vingine vinauruhusu kufika mbali, lakini mkanda huhesabiwa pia umri, na gari yako ni ya 2007. Kama hana risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa, na ukiubadilisha badilisha na pampu ya maji kwa sababu inazungushwa na mkanda huohuo. Ukikatika ukiwa njiani, valvu zinakutana na pistoni, na hapo utauza kwa kilo.

Mafuta. Fungua kile kifuniko cha tangi usome kibandiko, wanaomba oktani 98. Mimi naweka ya bei ya juu kila ninapoipata. Ukiweka ya kawaida haitakufa, sensa inasikia injini ikigonga na kompyuta inachelewesha cheche za plagi, ila sasa zile farasi 200 ulizolipia unaziacha kituoni. Kwenye jamu hesabu lita 12 kwa kilomita 100, wakati mwingine zaidi. Barabara kuu inashuka mpaka 8 ukitulia, ambalo ni jambo gumu.

Na jambo la mwisho kabla sijachoka kuandika. Gari hii inafika 100 kwa sekunde 6.9. Barabara yetu ya Entebbe ya kulipia, ile ya shilingi 5,000, kikomo ni hiyohiyo 100. Maana yake furaha yote inaisha kabla hujamaliza kupita lango. Ndiyo maana nasema usinunue GTI kwa mwendo wa mwisho. Utamu wake uko pale unapopita lori la makontena baada ya Iganga: unakanyaga kidogo, inashuka gia mbili kabla hujafikiri, umeshapita na umerudi upande wako, dereva wa lori bado anatafuta aliyempita. Kwa mtu wa njia ya Busia, huo ni usalama.

Spea Kisekka

Mama Zamu amesema kweli tupu, na mimi ninauza hivyo vitu. Niongeze ya dukani.

Golf 5 ni ndugu moja na Audi A3 ya wakati ule, Jetta, Skoda Octavia, hata Passat kwa baadhi ya vitu. Kwa hiyo bushi, shokapu, beringi za magurudumu, koili za plagi, vyote hapa soko la Kisekka vipo, vya kutumika na vipya. Ila GTI ina breki kubwa zaidi mbele, diski za milimita 312, na kila wiki naletewa kesi ya mtu aliyenunua za Golf ya kawaida kwa sababu "Golf ni Golf". Njoo na namba ya chesisi, au njoo na spea yenyewe mkononi. Ukija na maneno matupu utaondoka na ya gari nyingine, na sisi hatutakuzuia.

Rimu. Nyingi zimekuja na inchi 17, tairi 225/45, wengine wameweka 18. Kwa mashimo yetu hiyo mpira nyembamba ni kunitajirisha mimi. Kuna wateja wanaorudi kwenye inchi 16 na tairi 205/55, zinaingia juu ya breki za 312, lakini jaribisha rimu kabla hujalipa maana siyo kila umbo linapita kaliperi. Tena GTI imeshushwa milimita 15 kuliko Golf ya kawaida, kwa hiyo ingia chini utazame bati la kukinga injini. Kama halipo, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imeshaonana na matuta ya kwetu.

Kijana wa Swift

Sasa mmeandika kitabu kizima cha hofu halafu mnasema anunue? 😂

Mama Zamu

Sijasema anunue. Nimesema aitazame. Na kijana, Swift yako ikipandisha mlima imebeba watu wanne na magunia ya mama wa Busia, utuambie hizo 125 zinatosha nani.

MwanaBusia

Wakuu, nimerudi. Asanteni sana, hasa wewe mama. Nilikwenda jana asubuhi na fundi wa VW niliyeelekezwa na mtu wa kazini, mwenye kompyuta yake.

Tulifika saa tatu, tukakuta injini imeshawashwa. Muuzaji anasema alikuwa "anaipasha joto kwa ajili yenu". Fundi akaunganisha kompyuta, makosa sifuri. Mimi nikafurahi, yeye akanivuta kando. Akaniambia makosa hayapo kwa sababu yamefutwa juzi juzi tu, vile vipimo ambavyo gari inajifanyia yenyewe ikiendeshwa bado havijakamilika. Gari iliyotembea kawaida inakuwa imeshavimaliza.

DSG kwa kweli iliondoka vizuri, lakini ilikuwa ya moto. Kwenye jamu ya Lugogo ilitetemeka kidogo gia ya kwanza kwenda ya pili, halafu ikaacha. Kikombe muuzaji alikataa tusikifungue, anasema tukiharibu nani atalipa. Risiti ya mkanda hana, logbuku, yaani kadi ya umiliki, anayo lakini jina siyo lake, anasema mwenyewe yuko Mbarara. Ameshuka mpaka 24. Viti ni vizuri kuliko picha.

Mama Zamu

Viti vinauzwa peke yake, muulize Spea.

Tuchukue moja moja. Logbuku kwanza, maana hiyo ni kubwa kuliko injini. Watu wa mikopo mjini hapa wanakopesha kwa kushika logbuku. Mwenye jina aje mwenyewe na kitambulisho, mhamishe umiliki siku hiyohiyo mnayolipana, au msilipane kabisa. "Yuko Mbarara" mabasi yapo.

Kutetemeka kidogo kisha kuacha inaweza kuwa oili ya zamani tu na klachi zinazohitaji kuzoeshwa upya kwa kompyuta, inaweza kuwa klachi zenyewe. Kwa gari ya moto huwezi kujua, na ndiyo maana aliipasha. Makosa kufutwa nako ni hivyohivyo. Mimi nisingesema ni mwizi. Ningesema anajua kitu ambacho wewe hujakijua, na bei yake imehesabu kwamba hutakijua.

Ukilipa 24 unabaki na 6. Humo toa mkanda na pampu ya maji, oili na filta ya DSG, kikombe, plagi, tairi mbili pengine, bima, na gharama za kuhamisha umiliki. Zitakwisha kabla mama hajaiona gari. Kwa hiyo bei yako wewe ni 19, gari ikiwa imelala baridi, kikombe kimefunguliwa, na mwenye logbuku amesimama hapo. Akikataa lolote kati ya hayo, rudi kwenye Premio, endelea kusinzia, kusanya pesa. GTI nyingine itatokea. Na Premio usiiuze hata ukinunua, angalau miezi ya mwanzo.

MwanaBusia

Nimekuelewa mama. Nimempigia, nimemwambia 19 na masharti yote. Amecheka, halafu baada ya saa moja amepiga mwenyewe anasema nije Jumamosi, mwenye gari atakuwepo, kikombe tufungue ila kwa fundi wangu na kwa gharama yangu. Hiyo pampu inafunguliwa kwa spana gani ili fundi asije akasema amesahau?

Spea Kisekka

Torksi T30, boliti tatu. Bomba la mafuta ni spana 17. Injini iwe baridi, na aweke tambara chini kwa sababu petroli itamwagika, usiruhusu mtu na sigara karibu. Oringi ya pampu abadilishe, asirudishe ya zamani. Pitia kwangu Ijumaa uchukue oringi na kikombe kipya kabisa, ukikuta cha zamani bado cheusi utanirudishia kikombe nikurudishie pesa.

Mama Zamu

Na ufike mapema kuliko saa tatu safari hii. Weka mkono kwenye boneti kabla hujasalimia mtu.