Tupeane uzoefu: Yaka (umeme wa kulipia kabla) inaisha haraka. Kwako ni kifaa gani kinachokula, na ulikipimaje?

Mkazi wa Kisenyi

Salaam kwenu nyote mlio Uganda, na majirani mnaotusoma kutoka ng'ambo ya mpaka.

Naomba tupeane uzoefu juu ya yuniti za Yaka zinazokwisha kabla mwezi haujafika katikati. Ombi langu ni moja: tuandikie ulichokipima, usituandikie unachokishuku. Nyumba nyingi zinagombana bure. Watoto wanazimiwa televisheni, dada wa kazi anafokewa kwa taa ya uani, na wakati huohuo hita ya maji ya kuoga imewashwa tangu alfajiri na hakuna anayeitazama. Tunavionea vitu vinavyoonekana kwa macho.

Natanguliza njia ninayoitumia, haihitaji kununua chochote. Mita nyingi zina taa ndogo nyekundu inayomweka. Kando yake pameandikwa tarakimu, mara nyingi 1000 imp/kWh, maana yake ikimweka mara 1000 yuniti moja imekwenda. Zima vitu vyote, acha kimoja tu, hesabu mimweko kwa dakika 6, kisha zidisha kwa 10. Jibu ndilo wati za kifaa hicho. Kama mita yako ni ya 1600, ligawe jibu kwa 1.6. Televisheni yangu ya inchi 32 ilimweka mara 4 tu, yaani wati 40 hivi. Kwa birika la umeme hakuna haja ya dakika 6, hesabu dakika moja uzidishe kwa 60, lakini uwe na jicho kali.

Tena wati peke yake haitoshi, saa nazo zina neno. Birika langu la wati 1,800 likichemsha maji ya chai kwa dakika 5 linakula 0.15 ya yuniti, basi. Dekoda ya wati 10 isiyozimwa usiku na mchana inakula 0.24 kila siku, yaani yuniti 7 kwa mwezi. Dekoda ikiwa imezimwa kwa rimoti bado ina joto ukiigusa. Joto hilo unalilipia.

Kuhusu bei, kwa viwango vya ERA (mamlaka ya udhibiti wa umeme Uganda) vya mwaka 2025 mteja wa nyumbani hulipa shilingi 250 kwa kila yuniti katika 15 za kwanza za mwezi. Kuanzia ya 16 hadi ya 80 ni zaidi ya 700. Kuanzia ya 81 hadi ya 150 inashuka hadi 412, ngazi iliyowekwa ili watu wapikie umeme badala ya makaa, na ukipita 150 inapanda tena. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18 na ada ya huduma ya kila mwezi. Ukinunua kidogo kidogo au kwa mkupuo ndani ya mwezi mmoja ni sawasawa, kwa sababu mfumo unajumlisha tangu tarehe 1.

Haya, karibuni.

Hajati wa Bombo

Wa alaykum salaam, mwanangu. Mimi nauza juisi na barafu, kwa hiyo friji kwangu ndiyo duka lenyewe, siwezi kuizima. Nilipima kwa usiku. Nilizima kila swichi isipokuwa ya friji, nikasoma yuniti kabla ya kulala, nikasoma tena baada ya swala ya alfajiri. Kwa saa 8 zilikwenda 0.8. Piga hesabu, hiyo ni 2.4 kwa siku, friji peke yake.

Fundi wa mafriji alikuja akaitazama hata hajafungua begi lake. Ilikuwa imebanwa ukutani, na sigiri (jiko la makaa) iko hatua mbili tu kutoka pale. Alinieleza kwamba friji haitengenezi baridi, inachota joto lililo ndani na kulitupa nje kupitia mabomba ya nyuma. Mabomba yakikosa hewa, au yakikaa jirani na moto, kompresa haipumziki. Tuliihamishia upande wa dirisha, tukaacha nafasi ya kupitisha mkono nyuma yake, tukafuta vumbi lililoganda kwenye mabomba. Kisha akachukua noti ya shilingi 1,000, akaifungia mlangoni na kuivuta. Ilitoka kama imewekwa mezani. Mpira wa mlango ulikuwa umechoka upande wa chini, tukaubadilisha.

Kipimo kilekile cha usiku sasa kinatoa 0.5. Juisi ya moto siiingizi tena ndani, naiweka kwanza kwenye karai la maji ipoe. Barafu inayoganda ukutani mwa friza naiyeyusha kabla haijafikia unene wa kidole, maana inazuia baridi kufika kwenye vitu. Wanangu wenye biashara kama yangu, anzeni na mpira wa mlango.

Mpangaji, Bweyogerere

Sisi tunakaa kwenye mizigo (vyumba vya kupanga vilivyopangana safu moja), vyumba 8 kwenye Yaka moja ya mwenye nyumba. Kila mwezi tulichanga sawa kwa sawa. Mjane wa chumba cha mwisho ana balbu moja na simu, na alikuwa analipa sawa na kijana mwenye jiko la koili na hita. Jambo hilo liliniuma sana, kwa sababu mama yule anauza nyanya na kila shilingi yake ina kazi.

Tulikubaliana kila chumba kinunue mita ndogo ya kufunga mlangoni, na fundi akazifunga zote siku moja. Mwisho wa mwezi tunasoma pamoja, tunaandika kwenye daftari, kila mtu analipa alichotumia. Mama yule hafikishi hata yuniti 5. Hakuna aliyekasirika, tarakimu ziko wazi mbele ya wote.

Wapangaji wenzangu waelewe na hili: mnapokuwa wengi kwenye mita moja, zile yuniti 15 za bei nafuu ni za mita, si za kila chumba. Siku mbili tatu tu zimekwisha, na mkipita 150 mnarudi kwenye bei ya juu. Anayeweza kupata Yaka yake mwenyewe, aipate.

Fundi Waya

Ndugu wa Kisenyi, umeanzisha jambo la maana. Kabla hujalaumu kifaa, hakikisha umeme hauvuji. Chomoa kila kitu, acha swichi kuu imewashwa, tazama mita. (Kwenye mita nyingine taa hubaki imewaka tuli bila kumweka, hiyo maana yake hakuna kinachotumia umeme.) Ikiendelea kumweka, zima breka moja baada ya nyingine mpaka itulie. Breka iliyoituliza ndiyo yenye tatizo. Mara nyingi nakuta hita ya maji ambayo koili yake imepasuka na umeme unapita kwenye maji kwenda ardhini. Hiyo si hasara ya fedha tu, inaua mtu bafuni. Usiiwashe tena hadi ibadilishwe.

Ukizima na swichi kuu na bado mita inamweka, basi kuna waya uliochukuliwa kati ya mita na swichi yako. Usipande mwenyewe kukata. Ita fundi mwenye kibali cha ERA na utoe taarifa kwa shirika la umeme.

Kijana wa Ntinda

Fundi, vile viboksi vya kuchomeka ukutani, vinavyodaiwa kupunguza umeme, vinafanya kazi?

Fundi Waya

Hapana. Nimevifungua, ndani kuna kapasita na taa ya kijani. Kinachobadilika ni mkondo kidogo kwenye waya, lakini mita ya nyumbani inahesabu nguvu halisi iliyotumika, na hiyo haipungui. Pima kwa mimweko ukiwa nacho na bila nacho, utapata idadi ileile. Fedha hizo nunulia balbu za LED. Balbu ya wati 9 inatoa mwanga wa ile ya zamani ya wati 60.

Mama wa Wanne

Kwetu mla umeme alikuwa bafuni. Ile hita ya papo kwa papo inayofungwa kwenye bomba la mvua imeandikwa wati 5,500. Mtu akioga dakika 10 ni 0.9 ya yuniti. Tuko 6 nyumbani. Fanyeni hesabu wenyewe.

Sikutaka watoto waoge maji baridi asubuhi ya mvua, kwa hiyo nilitafuta njia. Lita 10 za maji ya moto zikichanganywa na ya baridi kwenye karai zinamtosha mtu mzima, na kuzipasha kunakula nusu yuniti hivi. Watoto wadogo wawili wanaoga karai moja. Mwenye tangi la hita la lita 50 naye asiliache limewashwa kutwa, linapoteza joto hata kama hakuna anayeoga. Liwashe kabla ya kuoga, kisha lizime.

Upande wa jikoni nilinunua jiko la presha la umeme. Maharage nusu kilo, yakiwa yamelowekwa usiku, yanaiva kwa 0.4 ya yuniti. Kwenye jiko la koili nilipima zaidi ya 2, kwa sababu moto unawaka saa nzima na zaidi huku joto linakimbia pembeni. Jiko la presha likishapata mvuke linajizima na kujiwasha lenyewe. Posho (ugali) bado naisonga kwenye gesi, lile sufuria halifai kusongea.

Stendi ya Malaba

Nachaji simu za madereva wa malori. Yuniti moja inajaza simu 40 hivi za kisasa, kwa hiyo anayemfokea mtoto kwa chaja ya simu amsamehe. Chaja tupu ukutani haifiki hata nusu wati. Ichomoe kwa usalama, lakini haitaokoa Yaka yako.

Nje ya Tororo

Sisi tuko mwisho wa laini. Jioni nimepima kwa multimita (kipima umeme) nikakuta volti 200 badala ya 240. Watu wanadhani umeme mdogo ni nafuu. Jiko la koili la wati 1,500 kwa volti hizo linatoa kama 1,040 tu, chakula kinachelewa, na sufuria linapoteza joto muda wote huo, mwisho unalipa zaidi kwa chungu kilekile. Mota ya friji nayo inahangaika kuanza. Tunapika mapema, kabla ya saa 12 jioni, na kwa pamoja tumepeleka maombi ya transfoma kwa maandishi pamoja na vipimo vya nyumba zetu. Vipimo vina uzito kuliko malalamiko.

Dada wa Jinja

Mita yangu iko juu ya nguzo nje, ndani nina kile kibodi cha kuingizia tokeni (namba za umeme ulionunuliwa) tu. Taa siioni. Nitapimaje?

Mkazi wa Kisenyi

Dada, tumia yuniti zilizobaki zinazoonyeshwa kwenye kibodi. Soma, acha kifaa kimoja kwa saa nzima, soma tena. Kwa kifaa kidogo kama dekoda subiri usiku kucha, kama alivyofanya Hajati, maana saa moja haitaonyesha tofauti.

Dada wa Jinja

Asante. Nimeanza na pasi leo, sare za shule za wiki nzima kwa mkupuo. Imeandikwa wati 1,200, lakini kwa saa moja imekula 0.6, nadhani kwa sababu kile kitaa chake kinazima kila ikipata moto. Usiku huu ni zamu ya friji, na kesho asubuhi nawaletea tarakimu.