Savage Mark II, Ruger American au CZ 457: ipi nichukue kwa bajeti ndogo?

Nungunungu
Wakuu, salaam. Nataka kununua bunduki ya bolti, ile unayovuta komeo kwa mkono kila risasi, ya kaliba ndogo, .22 LR. Mfuko hauruhusu makubwa. Nimebaki na tatu kichwani: Savage Mark II, Ruger American Rimfire na CZ 457. Savage ndiyo nafuu, CZ ndiyo inayoniumiza. Muuzaji kaniwekea moja pembeni hadi mwisho wa mwezi. Nisaidieni kuamua.

FundiChuma
Mkuu, hapo hatuna pa kuanzia. Ya kazi gani? Umbali gani? Hiyo bajeti ni ya bunduki tupu au ndani yake kuna darubini, risasi na sanduku la kufungia? Kibali unacho? Na aliyokuwekea pembeni ni ipi, mpya au ya mkononi? Jibu kwanza hayo.

Kipanga
CZ 457, funga mjadala. Mtutu wake unatulia, kifyatulio unakirekebisha mwenyewe, bolti unainyanyua digrii 60 tu wakati ile 455 iliyotangulia ilikuwa 90, kwa hiyo mkono haugongi darubini. Halafu mtutu unabadilishika kwa kulegeza skrubu. Leo .22 LR, kesho ukijaliwa unanunua mtutu wa .17 HMR, risasi nyembamba zaidi na ya kasi, na kuufunga kwenye mwili uleule. Savage utaichoka.

Dada Lengo
Kipanga, mtu kasema mfuko mdogo unampa ya bei juu! Mimi natumia Ruger American na ninaisimamia. Inakula magazini zilezile za mviringo za Ruger 10/22, bunduki iliyopo tangu 1964. Magazini hizo zimejaa kila mahali na zinabeba risasi 10. Magazini ya CZ inakuja na 5. Kitako cha plastiki ni chepesi, kweli, na kinasikika kitupu ukikigonga, ila kinakuja na vipande viwili vya kuegemeza shavu, cha chini na cha juu, unabadilisha kulingana na darubini yako. Kwa bei ile sioni mshindani.

Nungunungu
Samahani wakuu. Ni ya shabaha za karatasi mita 50, na sungura wanaomaliza mboga shambani. Kibali kipo. Bajeti inajumuisha darubini. Ya pembeni ni Savage ya mkononi. Nilisahau pia: natumia mkono wa kushoto.

FundiChuma
Mkono wa kushoto ndilo jambo la kwanza ulilotakiwa kuandika! Savage Mark II ina toleo la kushoto, CZ 457 nayo inalo. Hiyo ya pembeni bolti yake iko upande gani? Ukiwa na bolti ya kulia, kila risasi unatoa mkono kwenye kifyatulio, unauvusha juu ya bunduki, na shavu linaondoka kwenye kitako. Kwa karatasi utavumilia. Kwa sungura aliyestuka, ukirudi kwenye darubini yeye hayupo.

Mzee wa Bolti
Kabla hujalipia ya mkononi, nisikilize kijana wangu. Niliwahi kuuziwa .22 ya bolti iliyong'arishwa ukaweza kujitazama humo. Mbao nzuri, rangi nyeusi imeshika, bolti inateleza. Muuzaji akaapa kwamba imekaa kabatini tu. Nilipoipeleka kulenga, risasi ya kwanza ikalia vizuri, navuta bolti, ganda halitoki. Nikalisukuma kwa fimbo ya kusafishia kutokea mdomoni. La pili hivyohivyo. Kila risasi ikawa ya kutolewa kwa fimbo, na nyingine hazikulia kabisa.

Nikaipeleka kwa fundi bunduki. Akatoa bolti, akamulika kurunzi kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, akaniambia nitazame ukingo wake. Palikuwa na mbonyeo mdogo mfano wa alama ya ukucha. Kumbe aliyekuwa nayo alikuwa akiifyatua tupu mara kwa mara. Risasi ya .22 fataki yake imo ndani ya ukingo wa ganda, si katikati, ndiyo maana pini hupiga pembeni. Kwenye bunduki za zamani, pasipo na ganda, pini inaweza kutua kwenye chuma cha chemba yenyewe. Chuma kile kilikuwa kimesukumwa kwa ndani, ganda likitanuka linanaswa. Na pale penye mbonyeo ukingo wa ganda hauna pa kuegemea, pigo linakuwa dhaifu na risasi hailii. Fundi alikuwa na kifaa cha kukisukuma chuma kirudi mahali pake, ikapona. Lakini magazini nayo midomo ilikuwa imepanuka, na modeli ile ilishaacha kutengenezwa. Kila nikiulizia magazini naambiwa ngoja.

Muuzaji hakupokea simu zangu tena. Kwa hiyo toa bolti, mulika chemba, tazama mtutu kwa ndani dhidi ya mwanga. Ukiona pete nyeusi katikati ya mtutu, jua risasi iliwahi kukwama humo na nyingine ikapigwa nyuma yake, mtutu ukatanuka. Hiyo iache palepale.

Nungunungu
Asante sana mzee wangu. Nitakwenda na kurunzi.

Kipanga
Pole mzee. Lakini kwa sungura mimi ningeiacha .22 LR kabisa. .17 HMR, iliyotoka 2002, inatoa kichwa cha greni 17 (kama gramu 1.1) kwa karibu mita 775 kwa sekunde. Mpaka mita 100 inakwenda karibu mstari mmoja. .22 LR ukiilenga mita 50, ikifika 100 imeshuka kama sentimita 15 au zaidi.

Dada Lengo
Na risasi zake atazilipia nani? Yeye analenga mita 50! Tena .17 haibanwi sauti kama .22. Ukitumia .22 ya mwendo wa kawaida, kama mita 325 kwa sekunde, iko chini ya kasi ya sauti, haina ule mpasuko wa angani. Hizo za kasi zinatoka juu ya kasi ya sauti, kisha zinashuka chini yake kabla ya mita 100, na pale katikati zinayumba. Ndiyo maana walenga shabaha wengi hukimbilia za mwendo wa kawaida.

Kipanga
Upepo je? Kichwa cha .17 ni chepesi lakini kasi yake inakisaidia.

Dada Lengo
Mita 50, Kipanga. Hamsini.

FundiChuma
Naomba turudi. Nungunungu, gawanya hela yako hivi: bunduki, darubini ya kaliba ndogo, na risasi za kampuni tofauti tofauti. Darubini nyingi za bunduki kubwa zimerekebishwa zionyeshe sawasawa mita 100 hivi. Za .22 huwa karibu na 50, na kwa umbali wako hilo lina maana: jicho likisogea kidogo, alama haihami. Risasi nazo, bunduki hizi zina uchaguzi wake. Mbili za modeli moja, moja itapenda aina hii na nyingine ile. Piga tano tano kwa kila aina, bunduki ikiwa imeegemezwa, ndipo ununue kwa wingi. Savage ya kushoto yenye mtutu mzima na risasi inazozipenda itaishinda CZ iliyolishwa ovyo.

Mzee wa Bolti
Na angalia kilicho nyuma ya sungura. Watu huidharau .22 kwa udogo wake. Kichwa chake kinaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na kikigonga jiwe au maji kinaruka upande usioutazamia. Shambani kuna watu.

Nungunungu
Nimepokea, mzee. Nitalenga nikiwa juu ya tuta, udongo uwe nyuma yao. Nimempigia muuzaji sasa hivi: bolti iko kulia. Anasema CZ ya kushoto anaweza kuagiza, ila nisubiri.

Kipanga
Subiri.

Dada Lengo
Kashike zote tatu begani kwanza. Hata ya kulia, wapo watu wa kushoto walioizoea.

Mchanga Mwekundu
Habari za humu. Nimepita tu, nina swali linaloendana: mtutu wa .22 unausafisha kila ukimaliza kulenga au unauacha? Mwenzangu anasema fimbo inaharibu mtutu kuliko risasi zenyewe.

FundiChuma
Chemba safisha, nta na masizi hujikusanya mbele yake. Mtutu acha hadi uone matundu yameanza kutawanyika. Fimbo ipitishe kutokea nyuma, usianzie mdomoni.

Kipanga
Mimi nasafisha kila mara.

Mzee wa Bolti
Mchanga Mwekundu, bunduki yako ni ipi? Na magazini zake ulizipata wapi?