Kwa nini wazee wetu wa Ukerewe waliijua Kisumu kabla ya Dar es Salaam?

Binti wa Nansio

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za leo.

Mimi ni fundi cherehani, nina meza yangu hapa Makoroboi, Mwanza, ila kwetu ni Nansio, kisiwani Ukerewe. Bibi mzaa mama alifariki mwaka 2011. Mwezi uliopita ndiyo tumegawana vitu vya nyumba yake, mimi nikapata kasha la bati la kijani ambalo baba yake alimnunulia alipokuwa mwali. Tangu liingie chumbani kwangu sina raha, maneno ya bibi yananirudia.

Bibi hakusema "kasha la Mwanza". Alisema "kasha la Kisumu". Baba yake alikuwa akikusanya ngozi na karanga, anavuka nazo, anarudi na marikani, majembe, sabuni na chumvi. Vyote hivyo kwa bibi vilitoka "pwani". Siku moja nikamuuliza, pwani ipi bibi, Dar? Akanitazama kama mtu aliyeuliza jua linachomoza wapi. "Pwani ni Mombasa, mjukuu wangu. Dar es Salaam ni kwa serikali."

Sasa mwanangu yuko kidato cha tatu, kaniletea ramani ya makoloni. Ukerewe imo kwa Mjerumani, Kisumu imo kwa Mwingereza, katikati ya ziwa kuna mstari ulionyooka. Ilikuwaje mtu wa koloni hili akauze na kununua koloni lile wala asione ajabu? Na hali hiyo ilikwisha lini? Naomba mnieleze taratibu, nina muda wa kusoma. Huu ni ukoo wangu.

Karani Mstaafu

Marahaba binti. Nilianza kazi ya ukarani wa mizigo bandari ya Mwanza Kusini mwaka 1971, kwa hiyo umegusa maisha yangu. Bibi yako hakukosea hata neno moja.

Anza na miguu. Kabla ya reli, mzigo wa Usukuma ulikwenda baharini kichwani mwa mpagazi, kilo 30 hivi, kupitia Tabora hadi Bagamoyo, safari ya karibu miezi mitatu. Pembe za ndovu ziliweza kulipia safari hiyo. Karanga haziwezi. Ngozi haziwezi. Posho ya mpagazi peke yake ingekula thamani ya gunia lote kabla hajaiona bahari.

Mwaka 1896 Mwingereza akaanza kujenga reli Mombasa, na Desemba 1901 ikafika Kisumu. Alikuwa anaitafuta Uganda na mto Nile, hakuwa na habari na Mwanza. (Kisumu yenyewe ilihesabiwa sehemu ya Uganda hadi 1902.) Lakini reli ikishafika majini, kila kijiji cha ufukweni kimefikiwa. Hakuna haja ya daraja wala taruma, mtumbwi unatosha. Wakaleta meli vipande vipande, wakaziunganisha Kisumu: William Mackinnon, kisha Winifred, Sybil na Clement Hill. Zilizunguka ziwa zima, na bandari za Mjerumani zikiwemo. Boma la Mwanza lilipeperusha bendera ya Ujerumani, na shehena ikapita mlango wa Mwingereza. Hata wafanyabiashara wakubwa walihama na njia: Alidina Visram alianzia Bagamoyo enzi za misafara, na baadaye makao yake yakawa Mombasa.

Utauliza Mjerumani alikuwa wapi. Reli yake ya kati ilianza Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912, halafu badala ya kupinda kaskazini kuja kwetu ikaendelea hadi Kigoma, 1914. Vita vikaanza mwaka huohuo. Waingereza walipoiteka Mwanza Julai 1916 walikuja kwa maji, wakiwa wameichukua kwanza Ukerewe yenu. Nao ndio waliojenga tawi la Tabora hadi Mwanza, likakamilika 1928.

Kwa hiyo hesabu: kuanzia 1901 hadi 1928, mtu wa Nansio alikuwa na reli moja tu aliyoweza kuifikia bila kutembea wiki kadhaa, nayo ilikuwa Kisumu. Kama kasha lilinunuliwa ndani ya miaka hiyo, basi lingetoka wapi kwingine?

Hata baada ya 1928 mambo hayakukatika. Kutoka Kisumu hadi Mombasa ni kama kilomita 940 za reli, kutoka Mwanza hadi Dar ni zaidi ya 1,200. Nilipoanza kazi, mabehewa yalipanda meli ya Umoja yakiwa na mzigo wake, yakashukia upande wa pili yakaendelea na safari. Karatasi zangu zilikuwa za shirika moja la reli la Afrika Mashariki. Wenzangu wa Kisumu niliwajua kwa mwandiko wao kabla ya kuwajua kwa sura.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Meli za Victoria na Umoja zikawa zetu, meli ya Uhuru ikabaki Kenya, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Hilo ndilo jibu la swali lako la mwisho. Wakoloni walitugawa kwa mstari mwaka 1890, lakini mimi gati langu liliacha kupokea mabehewa ya Kisumu tukiwa huru, na bado linaniuma.

Omuhaya wa Kashai

Mzee Karani shikamoo. Kwa Mwanza umesema kweli tupu, ila usitufunge wote kwenye hiyo 1928. Bukoba mpaka leo hatujaona reli. Kahawa yetu ilipanda meli, basi. Barabara ya kwenda Kampala ni fupi kuliko ya kwenda Mwanza, kwa sababu ziwa limetuweka upande wa watu wa huko, na lugha zetu zinasikilizana.

Na huo mstari wa 1890 anaousema dada haukuishia majini. Ni nyuzi 1 kusini mwa ikweta, ulivuka ziwa ukaendelea nchi kavu bila kuutazama mto. Mto Kagera unapinda, mstari haupindi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya Missenyi iko ng'ambo ya kaskazini ya mto na bado ni Tanzania. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia, akatangaza kwamba mpaka ni mto. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Mama yangu alivuka kwenda kusini akiwa na mimba ya kaka yangu na kuku wawili. Walioketi Berlin na London na rula hawakuwahi kuuona huo mto.

Mjukuu wa Manamba

Naomba niongeze upande wa Kasulu, maana mnazungumza kama kufikiwa na reli ni heri kila mahali. Reli ilifika Kigoma 1914. Kwetu milimani haikuleta soko la zao lolote, ila kodi ililipwa kwa fedha vilevile. Wasukuma wengi waliilipa kwa pamba. Babu yangu aliilipa kwa mikono yake, akapandishwa behewa kwenda mkonge wa Korogwe. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao kabisa ya kuandikisha vibarua, ikiitwa SILABU. Waha wako Tanga mpaka leo kwa sababu hiyo. Kwa hiyo Karani, sikatai habari ya ziwa na milima, lakini kuna mtu alikaa akaamua huku iwe pamba na kule iwe vibarua.

Karani Mstaafu

Kijana wa Kasulu, nakubali, na nakushukuru. Mabehewa ya watu sikuwahi kuyaandika, nilifikiria mizigo tu.

Binti, fanya hivi: ligeuze hilo kasha, utazame chini na ndani ya kifuniko. Makasha ya zamani mara nyingi yana chapa ya mtengenezaji au ya duka.

Binti wa Nansio

Asante sana mzee wangu, asanteni nyote. Nimeligeuza sasa hivi. Chini kuna kutu, lakini kwenye kona ya kifuniko, chini ya rangi, herufi zinaonekana: M, O, M, halafu pamekwanguka. Jumamosi napanda kivuko kwenda Nansio. Mdogo wake bibi yuko hai, ana miaka tisini na kitu. Nakwenda na kasha, nimuulize kabla hajachoka.