.co.ke, .ke tupu ama .com? Nina duka la halua Kibokoni

bintKibokoni:
Hamjambo humu. Nauza halua na achari, wateja wengi wa hapa hapa Mombasa ila kuna wa Nairobi na wengine wako Uingereza huagiza Idi ikikaribia, sasa nataka domeni, lile jina la tovuti. Mmoja kanambia .co.ke, mwengine .ke tupu, kijana wa saiba yeye ati .com. Nishike lipi?

fundi_waya:
.co.ke mamangu. Ndo watu wamezoea, hiyo .ke tupu imefunguliwa 2017 na mpaka leo ukimtajia mtu kwa simu anaongeza .co mwenyewe halafu anakupigia ati tovuti haifunguki 😂 .or.ke ni ya mashirika, .ac.ke na .sc.ke za vyuo na shule, hizo mbili hupewi bila makaratasi.

mlango_wa_papa:
Mi nina .ke tupu na sijuti, fupi, yakaa vizuri kwa mfuko. Bei tu ndo iko juu kidogo kwa msajili wangu.

likoni_feri:
na hao wa uingereza je? .com wanaijua, ila majina mazuri yashachukuliwa kitambo utaishia kutia vistari na manamba

shangazi_kisauni:
Nyote mwabishania mkia, kichwa hamjakitazama. Mimi nlikuwa na .co.ke miaka mitatu, kijana alonitengezea tovuti akaisajili kwa jina lake na imeili yake, mimi kazi yangu kumtumia pesa kila mwaka. Akasafiri, simu hashiki, muda ukaisha, tovuti ikazima na imeili za wateja zikazima nayo. Kwenda kuuliza naambiwa mwenye jina ni yeye si wewe. Na risiti nshachapisha vitabu ishirini!

fundi_waya:
Pole shangazi. bint sikiza, KENIC ndo wanaoendesha .ke lakini hununui kwao, wanunua kwa msajili waliyemuidhinisha, so pale kwa mwenye jina paandikwe wewe na paswadi ukae nayo wewe. Msajili akikuudhi waomba namba ya siri ya kuhamishia waenda kwengine na jina lako lile lile. Na pale kwa usajili usitie imeili ya domeni hiyo hiyo, manake ikizima hata ujumbe wa kukukumbusha kulipa hukufikii.

bintKibokoni:
Astaghfirullah, kijana wa saiba keshanitumia namba nimlipe, ati atasajili kwa akaunti yake ni rahisi. Nampigia saa hii. .co.ke basi, hiyo .com tutaona baada ya Idi, sukari yenyewe yanishinda.