Camry Hybrid ya 2013 kutoka Japani: nikague nini kabla ya kulipa?

Mnunuzi_Dar: Wakuu, salaam. Nataka Toyota Camry Hybrid ya 2013 (AVV50), cc 2500, ipo yadi hapa Dar. Mizunguko yangu ni Mbagala–Posta, foleni asubuhi na jioni. Itaokoa mafuta kweli? Na betri kubwa naikaguaje?

Spana17: Foleni ndiko inakookoa zaidi mkuu. Ukisogea taratibu injini inazima, mota ya umeme inavuta peke yake. Ukipunguza mwendo, mota hiyohiyo inazalisha umeme wa kurudi kwenye betri. Kwa hiyo shika breki mapema na kwa ulaini. Ukikanyaga ghafla, breki za kawaida zinachukua kazi na nishati inaishia kuwa joto. Kosa la wengi ni kuweka N kwenye foleni: kwenye N betri haichajiwi, huku AC inaendelea kuila. Baki D au weka P. Kwa kipimo cha Marekani, toleo la LE la 2012 linakwenda kilomita 17 hivi kwa lita.

UmemeWaGari: Betri kubwa, ile inayoendesha mota, ina moduli (vipande vya betri) 34 za NiMH, aina ya nikeli, jumla volti 244.8, na kompyuta inazisoma mbilimbili, yaani bloku 17. Usiridhike na dashibodi isiyo na taa, maana P0A80, msimbo wa hitilafu unaosema betri kubwa ibadilishwe, unaweza kufutwa asubuhi kabla hujafika. Chomeka kifaa cha OBD2 kinachosoma kompyuta ya gari, fungua Dr. Prius (programu ya simu) au Techstream (programu ya Toyota), endesha gari, kanyaga mafuta kwa nguvu kisha ushike breki. Volti za bloku zote zipande na kushuka pamoja. Moja ikiachwa na wenzake kwa zaidi ya volti 1 kila ukikanyaga, achana na gari hilo au ushushiwe bei ya betri nzima.

Mnunuzi_Dar: Kwa nini nzima? Si nabadilisha moduli mbovu tu?

UmemeWaGari: Moduli zimeunganishwa kwa mfululizo. Ukichanganya yenye uwezo mkubwa na zilizochoka, zile dhaifu zinajaa na kuisha kabla ya wenzake, baada ya muda inakufa nyingine. Na fundi asiiguse kabla ya kuzima gari, kutoa waya hasi wa betri ndogo, kuchomoa plagi ya usalama yenye rangi ya chungwa na kusubiri dakika 10. Glavu za volti 1000 ni lazima.

Spana17: Nyongeza: feni ya betri. Inavuta hewa ya ndani ya gari, vumbi likiganda kwenye mapanga betri inachemka, kompyuta inabana matumizi yake, injini inawaka muda mrefu na mafuta yanapanda bila taa yoyote kuwaka. Isafishwe siku ya kwanza, na tundu lake la hewa lisifunikwe na mizigo. Oili weka 0W-20, lita 4.4 pamoja na filta.