Stesheni ya Syokimau na Nairobi Terminus: ni mahali pamoja au pawili?

Msafiri wa Likoni

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mwezi ujao ninamsindikiza mama yangu mzazi kutoka Mombasa kwenda Nairobi kwa Madaraka Express, na kwa kuwa magoti yake hayamruhusu kutembea mwendo mrefu, ningependa kupanga mapema jinsi tutakavyofika katikati ya jiji. Jamaa zangu wamenichanganya. Mmoja anasema tutashukia stesheni ya Syokimau. Mwingine anashikilia kwamba Syokimau ni ya treni za wafanyakazi wa kila siku, na kwamba Madaraka Express ina stesheni yake. Je, ni ipi kweli? Na kama ni mbili, kwa nini zikajengwa jirani namna hiyo?

Mkaazi wa Mlolongo

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Ni stesheni mbili, na waliokuchanganya hawakukosea sana, kwa sababu zote mbili ziko upande wa Syokimau na wenyeji huzitaja kwa jina hilohilo.

Stesheni ya Syokimau ndiyo ya kwanza kujengwa. Ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, ikiwa stesheni mpya ya abiria katika nchi ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ikitumia zile zile zilizoachwa na wakoloni. Wakati huo mitaa ya Syokimau, Mlolongo na Athi River ilikuwa ikijaa watu haraka, na wote walitegemea Barabara ya Mombasa, ambayo asubuhi ilikuwa haipitiki kwa msongamano wa magari. Kwa hiyo reli fupi ilichepushwa kutoka njia kuu ya zamani, likajengwa jengo la abiria, na kando yake ukawekwa uwanja wa kuegesha magari, ili mkaazi aliache gari lake hapo na kwenda kazini kwa treni kupitia Imara Daima na Makadara. Huo uwanja, kwa maoni yangu, ulikuwa wazo bora kuliko hata jengo lenyewe.

Nairobi Terminus ilikuja baadaye, pamoja na SGR (Standard Gauge Railway), yaani reli mpya inayotumiwa na Madaraka Express, iliyozinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 31 Mei 2017. Hapo ndipo wewe na mama mtakaposhuka. Kwa hiyo siku ya kurudi Mombasa, ukichukua teksi, usimwambie dereva "stesheni ya Syokimau" ukaishia hapo. Mwambie "SGR, kwenye Terminus", la sivyo anaweza kukushusha penye treni za wafanyakazi, nawe una masanduku na mzazi asiyeweza kutembea.

Mstaafu wa Reli

Mwenzangu ameeleza vizuri. Nitaongeza sababu ya kiufundi, kwa kuwa wengi hujiuliza kwa nini Madaraka Express haiendelei tu hadi mjini.

Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. SGR ina milimita 1,435. Behewa la moja haliwezi kukanyaga njia ya nyingine, na stesheni kuu ya mjini iko kwenye reli ya zamani. Zaidi ya hayo, SGR ikitoka Terminus haielekei mjini kamwe. Inapita juu ya madaraja katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi na kuendelea hadi Naivasha. Ndiyo maana ilibidi reli ya zamani irefushwe hadi Terminus, ili abiria wa SGR washuke treni moja na kupanda nyingine.

Kazi hiyo ya kuunganisha sasa hufanywa zaidi na treni ndogo za dizeli zilizonunuliwa Uhispania zikiwa zimekwisha kutumika na kuwasili mwaka 2020. Hizi hazivutwi na kichwa cha treni, bali injini zimo ndani ya mabehewa yenyewe, hivyo zikifika mwisho wa njia dereva huhamia upande wa pili na kurudi. Udhaifu uliobaki ni kwamba sehemu kubwa ya njia ni moja tu, na treni mbili zinazokutana lazima zipishane stesheni. Mpaka njia iongezwe, kununua treni zaidi hakutasaidia sana.

Msafiri wa Likoni

Nashukuru sana, mzee wangu, nawe pia ndugu wa Mlolongo. Swali moja limebaki: kwa hali ya mama, je, ni afadhali treni ya kuunganisha au teksi?

Mkaazi wa Mlolongo

Mkifika mchana na mizigo ni michache, pandeni treni, kwa sababu nauli yake ni ndogo na haikwami barabarani. Hata hivyo, itawashusha stesheni kuu, na kutoka hapo bado mtahitaji gari la kuwafikisha mnakokwenda. Mkija kwa treni ya usiku, chukueni teksi moja kwa moja. Siku hizi ipo barabara ya juu ya kulipia, inayotoka Mlolongo hadi Westlands, na alfajiri safari huwa nyepesi. Wakati wa kuchagua siti, omba behewa lililo karibu na njia ya kutokea, maana treni ile ni ndefu, na mwendo wa kutoka behewa la mwisho hadi mlangoni ndio utakaomchosha mama kuliko safari yenyewe.