Mimi na mke wangu kwa treni Ujerumani: miji ya chemchemi, nyumba za wageni na suala la stara

Mwalimu Mstaafu, Mwera

Assalaam alaykum. Naomba msaada wa waliowahi kutembea Ujerumani kwa treni, khasa waliokwenda mtu na mkewe. Kijana wetu anafanya kazi Mainz na ametualika mwezi wa Juni, lakini hatakuwa na likizo muda wote, kwa hivyo tutakuwa na siku tisa za kuzunguka wenyewe. Mke wangu anasumbuliwa na magoti, na kijana anatwambia kwamba huko iko miji ambayo watu huiendea makusudi kwa ajili ya kuoga maji ya moto yanayotoka ardhini, na kwamba majina ya miji hiyo huanza na neno Bad, yaani bafu, neno ambalo sisi tuliosomeshwa Kiingereza tulilitilia shaka tulipoliona kwenye ramani.

Nimeshaandika orodha: Koblenz, Bad Ems, Baden-Baden, Triberg, Konstanz, Bad Wörishofen, Munich na Hamburg, kila mji usiku mmoja. Je, mpango huu unawezekana kwa watu wa umri wetu wenye mabegi mawili? Tiketi za treni zinanunuliwaje ili tusitumie fedha ovyo? Na la tatu ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: nimesikia kwamba huko wanaume na wanawake huoga pamoja bila ya nguo. Mke wangu amesema kwamba kama ni hivyo yeye atabaki Mainz kwa mwanawe, nami niende nikaoge peke yangu. Tafadhali nijibuni kwa wazi, na kama liko la kusema juu ya chakula pia nitashukuru.

Mama wa Kikwajuni

Waalaykum salaam, Mwalimu. Mimi niliishi Freiburg miaka mitatu wakati mume wangu anasoma, na kila tulipopata siku mbili za mapumziko tulikuwa tunapanda treni. Nianze na hilo la stara, kwa sababu wengi hulieleza nusunusu na matokeo yake watu huogopa kisichoogopwa na kuingia wasipopajua.

Nyumba hizi za maji ya moto kwa kawaida zina sehemu mbili. Ya kwanza ni mabwawa yenyewe, ambapo nguo ya kuogelea ni lazima kwa kila mtu, mwanamume na mwanamke, na asiyeivaa hutolewa nje. Ya pili ni vyumba vya joto kavu na vya mvuke, na huko sheria hugeuka: nguo hairuhusiwi, watu huwa na taulo tu, na mara nyingi wanaume na wanawake huwa pamoja. Mlangoni pameandikwa *textilfrei*. Lishike neno hilo, Mwalimu, kwa sababu sisi hatukulijua. Siku ya kwanza tulipanda ngazi tukidhani tunakwenda kwenye bwawa la juu, mume wangu akiwa mbele, na ghafla nikamwona amegeuka na kuniteremkia kwa kasi kama aliyekanyaga makaa. Hakusema kitu mpaka tulipofika chini. Kinachofaa ni kununua tiketi ya mabwawa peke yake, kwani sehemu hizo mbili aghalabu zina bei mbalimbali, na mlango wa pili msiukaribie.

Baden-Baden ina nyumba mbili mashuhuri na ni lazima mzitenganishe. Caracalla Therme, iliyofunguliwa 1985, ni ya mabwawa na nguo za kuogelea, na vyumba vyake vya joto viko juu, mbali na mabwawa. Friedrichsbad, iliyofunguliwa 1877, ni jumba la kifahari ambalo mtu hupitishwa hatua 17 za joto, mvuke, kusuguliwa na maji, na desturi yake ya asili ni kuoga bila ya nguo. Jengo hilo ni la zama zile zile za Sayyid Barghash, na ukilitazama kwa nje utakumbuka kwamba hata sisi tulikuwa na hamamu yetu pale Hamamni, ila yetu ilijua kutenganisha watu. Nyinyi litazameni kwa nje, mpige picha, muendelee na safari.

Kuhusu nguo ya mke wako, lile vazi la kuogelea linalofunika mwili na kichwa linakubaliwa mahali pengi, lakini si kila mahali, kwa hivyo kijana wenu apige simu kabla ya kununua tiketi. Mimi mahali pamoja yule mama wa kukata tiketi aliushika mkono wa vazi langu kwa vidole viwili, akauvuta kidogo na kuuachia, akaona kweli ni kitambaa cha kuogelea, basi akanipa ufunguo wa kabati bila ya neno jingine. Wanachokikataa ni nguo ya pamba, si stara yako.

Na kama bado ana wasiwasi, dawa ya magoti ipo isiyohitaji hata kubadilisha nguo. Padri mmoja, Sebastian Kneipp (1821–1897), alieneza tiba ya maji baridi kutoka Bad Wörishofen, na leo katika miji mingi utakuta bustanini kidimbwi kirefu chembamba chenye chuma cha kushikia katikati. Mtu huvua viatu, hukunja suruali au gauni mpaka magotini, kisha hutembea ndani ya maji akiinua mguu mzima juu kila hatua, kama korongo anavyopita ufukweni maji yakitoka. Aghalabu ni bure. Maji yenyewe ni baridi ya kweli, si ya mtungini, na mwenye maradhi ya moyo au shindikizo la damu amuulize daktari wake kwanza.

Sasa ile orodha. Miji minane kwa siku tisa ni kubeba mabegi, si kutembea. Kila kuhama kunakula nusu siku: kufunga, kulipa, kusubiri, kupanda, kutafuta nyumba nyingine, na nyumba nyingi za wageni za zamani, zile zinazoitwa *Gasthof*, hazina lifti na vyumba viko ghorofa ya pili au ya tatu. Kwa magoti hayo, chagueni mahali patatu tu. Na Triberg muitafakari vizuri: maporomoko yake ya mita 163 yanapendeza, lakini mji mzima ni mlima, na stesheni iko chini bondeni.

Hizo *Gasthof* hata hivyo mimi nazipenda kuliko hoteli. Chini ni mkahawa wa wenyeji, juu ni vyumba sita au kumi, na mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayekuleteeni chai ya asubuhi. Mjue mambo matatu. Jiko hufungwa mapema, mara nyingi saa 3 usiku, na kila mkahawa una siku yake ya mapumziko inayoitwa *Ruhetag*, kwa hivyo ulizeni ni siku gani kabla hamjalala na njaa. Pili, katika mji wa chemchemi mtatozwa kodi ndogo ya mgeni kwa kila usiku, *Kurtaxe*, nayo si wizi. Mtapewa kadi, na katika vijiji vingi vya Schwarzwald, eneo la milima na misitu kusini-magharibi, kadi hiyo hukupandisheni basi na treni za eneo hilo bure. Tatu, kitanda cha watu wawili kina mablanketi mawili ya manyoya, kila mmoja na lake, yamekunjwa pembeni. Msidhani mwenye nyumba ameona mmegombana.

Chakula: nyama ya nguruwe hujificha. Imo ndani ya *Maultaschen*, vifuko vya unga vya kuchemsha, na vipande vyake hunyunyizwa juu ya *Flammkuchen* ambayo kwa mbali mtu huidhania mkate wa jibini tu. Samaki wa mtoni anayeitwa *Forelle* hupatikana karibu kila mahali Schwarzwald, na *Käsespätzle* ni tambi na jibini, lakini ombeni isitiwe vipande vya nyama. Mji wenye stesheni kubwa hukosi maduka ya Waturuki yenye nyama halali. Ile keki nyeusi ya Schwarzwald inayosifiwa dunia nzima hutiwa *Kirschwasser*, na hicho ni kilevi cha cheri.

Mtembeza Wageni, Mji Mkongwe

Dada yangu wa Kikwajuni hakubakisha kitu katika mabafu, basi mimi nitasema treni. Nimetembeza Wajerumani Mji Mkongwe miaka mingi na nimeshakwenda kwao mara mbili.

Mwalimu, cha kwanza kitakachokushangaza ni kwamba stesheni hazina geti. Uliyezoea boti ya Dar es Salaam, au treni mpya ya Dodoma, utatafuta pa kuonyesha tiketi usipaone. Unapanda tu, na mkaguzi anakuja behewani. Asiye na tiketi hutozwa faini hapo hapo, na kusema kwamba hukujua hakusaidii kitu.

Treni ziko za namna mbili kubwa. ICE ni za mwendo mkubwa na za miji mikubwa. RE na RB ni za eneo, zinasimama vijijini, na ndizo zinazoingia katika hiyo miji yenu ya Bad. Kwa hizi za eneo ipo tiketi ya mwezi mzima ya nchi nzima, *Deutschlandticket*, iliyoanza Mei 2023 kwa yuro 49, ikapanda mpaka yuro 58 mwaka 2025, na kuanzia Januari 2026 ni yuro 63 kwa mtu mmoja. Inakubalika pia katika mabasi na treni za mijini, lakini haipandi ICE. Tahadhari moja: haiuzwi kama tiketi ya siku, ni mkataba unaojirudia kila mwezi, na ni lazima uuvunje kabla ya kupita tarehe 10 ili ukome mwisho wa mwezi huo. Mimi niliukumbuka tarehe 12, nikiwa nimekaa Forodhani nakula urojo, na nikalipia Ujerumani mwezi ambao sikuwapo.

Kwa njia, nakushauri hivi. Kutoka Mainz pandeni treni ya eneo inayofuata ukingo wa kushoto wa mto Rhine hadi Koblenz, mwendo wa kama saa moja na nusu, na mkae upande wa kulia wa behewa, kwani mto wote uko upande huo. Mtaona ngome juu ya vilima moja baada ya moja, na mbele ya mji wa Kaub mtaona ngome iliyojengwa juu ya kisiwa kidogo katikati ya mto, ncha yake imeelekea maji yanakotoka, utadhani jahazi lililotia nanga likakataa kuondoka. Kisha linakuja jabali la Lorelei, mita 132, ng'ambo ya pili. Koblenz mnabadilisha na kuingia bonde la Lahn mpaka Bad Ems, ambao pamoja na Baden-Baden na Bad Kissingen umo katika miji 11 ya chemchemi iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2021. Maji yake ya kunywa yana chumvi na uvuguvugu. Mke wako ayaonje kidogo kwanza. Hapo laleni usiku tatu.

Baden-Baden muilalie usiku tatu vile vile, na mjue kwamba stesheni iko Oos, kilomita kadhaa kutoka mjini, hivyo mtapanda basi. Stesheni ya zamani iliyokuwa mjini leo ni mlango wa ukumbi wa muziki. Kutoka hapo mnaweza kwenda na kurudi siku moja kwa Schwarzwaldbahn, reli iliyokamilishwa 1873 chini ya mhandisi Robert Gerwig, ambaye badala ya kuukata mlima kwa nguvu aliizungusha njia juu yake. Baada ya Hornberg treni inajipinda, inaingia shimoni na kutoka, na dirishani mnaiona chini ile reli mliyoipita dakika chache nyuma. Magoti hayahitajiki. Sisi wenye reli ya Bububu, iliyokufa 1928, tusikose kuiona.

Mkitaka kwenda Hamburg, chukueni ICE na mnunue mapema tiketi ya bei nafuu, *Sparpreis*. Hiyo inakufungeni na treni moja tu, lakini ikitarajiwa kukufikisheni kwa kuchelewa zaidi ya dakika 20 mnaruhusiwa kupanda nyingine. Na zinachelewa, msidanganywe na sifa. Ukifika umechelewa saa nzima unarudishiwa robo ya nauli, na saa mbili nusu yake, ila udai mwenyewe.

Mpemba wa Wete

Mimi nina mawili tu. Viza muianze mapema: maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Kijana wenu aende ofisi ya wageni ya mji wake akachukue *Verpflichtungserklärung*, waraka wa kujifunga kwamba atabeba gharama zenu. Mtavuka kwenda Dar es Salaam nyote wawili kwa alama za vidole, kwa hivyo msipange boti ya asubuhi ya siku ile ile wakati wa kusi.

La pili, Hamburg msiifute. Katika makaburi ya Ohlsdorf amezikwa Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa hapa Unguja 1844, akaondoka na kufika Hamburg 1867, akafariki Jena 1924. Treni ya mjini S1 inasimama Ohlsdorf penyewe. Makaburi ni makubwa kama mji na yana mabasi ndani, basi ulizeni kaburi la ukoo wa Ruete, ukoo wa mumewe.

Mwalimu Mstaafu, Mwera

Nawashukuru sana. Nimewasomea nyumbani sebuleni, na mke wangu amecheka pale pa makaa mpaka akatokwa na machozi. Tumekubaliana Bad Ems, Baden-Baden na Hamburg. Munich na Konstanz tumeziacha, na kidimbwi cha korongo tutakitafuta. Yamebaki maswali mawili: langu ni kibla na nyakati za sala huko, na la pili ni la mke wangu. Yeye anauliza kama ile keki nyeusi haipatikani kabisa bila ya kilevi.

Mama wa Kikwajuni

Kibla huko ni kusini-mashariki, si kaskazini kama hapa, na mwezi wa Juni Mainz jua linatua kama saa 3:30 usiku, hivyo Isha itakukuteni mnasinzia; mkiwa safarini mna ruhusa ya kukusanya na kupunguza, fanyeni hivyo. Keki inapatikana. Muingie duka la mikate, si mkahawa wa watalii, mke wako aoneshe kwa kidole na aseme *ohne Alkohol?* Muuzaji akitikisa kichwa, achukue ya tufaha.